Jinsi ya kutengeneza dirisha la kuchagulia vigeu, kwa wanaounda programu za takwimu

Wadau habari za leo. Naandika hii nikiwa Tanga mjini, Chumbageni, kazi yangu ni kutengeneza viprogramu vidogo vya kuchambulia data za samaki wanaoshushwa kwenye mialo yetu, Deep Sea, Sahare, Kigombe mpaka Kipumbwi kule Pangani, na kitu ambacho kimenikaa kichwani muda mrefu ni lile dirisha la kuchagulia vigeu, yani safu za data kama uzito au bei, variabo kama tunavyozoea kusema ofisini. Yani ile sehemu ambayo kabla hujapata wastani wala jedwali wala chati lazima uiambie programu nataka hiki na hiki. Wengi tunaiacha iwe ya mwisho, tunaweka orodha na mshale basi, wakati kosa linaloingia pale halina kelele. Ukikosea kuandika amri programu inagoma na unajua umekosea, ila ukichagua kigeu ambacho siyo, programu inakupa jibu safi lenye desimali mbili na unaenda nalo kikaoni.

Ntawaonesha kwa jambo lililotokea kwetu. Data zetu zina safu tatu za uzito. Moja inaitwa uz_tot, mzigo wote wa chombo kwa kilo. Nyingine uz_samp, ile sampuli tu tuliyoitenga kupima, nayo kwa kilo. Ya tatu uz_1, samaki mmoja mmoja kwa gramu. Dirisha la kwanza nililotengeneza lilipanga majina kwa alfabeti na kisanduku kilikuwa kifupi, kinaonesha mistari nane, kwa hiyo uz_samp ilionekana mstari wa mwisho kabisa na uz_tot ikabaki imejificha chini mpaka uteremshe. Dada mmoja karani, mzoefu kweli, alitaka wastani wa mzigo wa mashua, akaona uz, akachagua aliyoiona. Jibu likatoka kilo tano na kitu. Tukalipeleka kwenye kikao, na aliyeshtuka ni mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, akaniambia, "Mwanangu, mashua ya watu wanane ikalale baharini irudi na kilo tano? Hapo hata hela ya mafuta haijarudi." Dada hakukosa, mimi ndo nilimwekea majina matatu yanayofanana na nikamfichia moja. Tangu siku ile nimebadilisha kabisa namna ninavyoanza.

Naanza na maswali ya watu, faili nalifungua baadae. Mtu hakai kwenye kompyuta akiwa na jina la safu kichwani, anakuja na swali. Kwa hiyo kabla hujachora chochote nenda kakae na watakaotumia, waombe wakutajie mambo wanayoulizwa mara kwa mara, uyaandike kwa maneno yao yale yale. Kwetu yalikuwa kama haya: pweza wa bamvua na wa maji mafu uzito unapishana kiasi gani, ngalawa na mashua nani analeta zaidi wakati wa kusi, bei ya changu asubuhi na jioni pale mnadani ikoje. Ukishakuwa nayo kumi hivi utaona vigeu vinajikusanya vyenyewe: kuna vya chombo, vya safari, vya samaki, vya bei, vya mwalo. Hayo ndo makundi ya orodha yako. Usipange kwa mpangilio wa faili kwa sababu faili limepangwa na aliyeandaa dodoso, na usipange kwa alfabeti peke yake kwa sababu alfabeti inaweka "bei" karibu na "bamvua" utadhani ni ndugu. Acha kitufe kidogo cha kubadilisha mpangilio kwa anayetaka, na ule mpangilio wa faili usiufute kabisa, maana kuna watu wametoka kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, wamezoea kuandika q1-q10 wakimaanisha kila kilichopo katikati, na "katikati" ya Stata ni kwa mpangilio wa faili.

Sasa mstari mmoja wa orodha uwe na nini. Hapa ndo penye kazi na hapa ndo naomba mkae kidogo. Programu nyingi zinaonesha jina la safu tu, na mazoea ya majina mafupi yana historia yake, SPSS, programu ya takwimu ambayo ipo tangu 1968, ilikuwa hairuhusu jina la kigeu kuzidi herufi 8 mpaka lilipokuja toleo la 12. Vizuizi vimeondoka, majina tumebaki nayo. Mimi mstari wangu unaanza na lebo kwa Kiswahili cha kueleweka, kipimo kikiwa humo humo, mfano "Mzigo wote wa chombo, kilo", afu jina la safu linafuata kwa maandishi madogo yaliyofifia kidogo kwa ajili ya anayeandika amri, afu mwisho kabisa upande wa kulia idadi ya tupu, yani mistari ambayo haikujazwa. Hiyo idadi ya tupu watu wanaidharau lakini inaokoa. Ukiona "Kina cha maji, mita" halafu pembeni kuna tupu nusu ya faili, utajiuliza mara mbili kabla hujakiingiza kwenye rigresheni, ile hesabu ya kueleza kigeu kimoja kwa kutumia vingine, kwa sababu programu nyingi zinatupa mstari mzima ukikosa kigeu kimoja, unabaki na nusu ya data na hujaambiwa.

Lebo ndefu zisikatwe mwishoni. Hili nalisema kwa uchungu. Dodoso letu lina maswali kumi yanayoanza na "Katika safari hii ya uvuvi, je, mlitumia..." na yanatofautiana neno la mwisho tu, nyavu, mshipi, madema. Kisanduku chembamba kikikata mwisho unapata mistari kumi inayosema kitu kile kile na nukta tatu. Ama ruhusu dirisha livutwe kupanuka, ama mstari uvunjike uwe miwili, ama kaa chini uandike lebo upya neno linalotofautisha likae mbele: "Madema, yalitumika safari hii". Mimi nafanya hilo la tatu, inachukua asubuhi nzima kwa faili moja, lakini inafanyika mara moja tu.

Kingine kwenye mstari ni alama ya aina ya kigeu. Mialo yetu kwenye data imeandikwa kwa namba, 1 Deep Sea, 2 Sahare, 3 Kigombe, 4 Kipumbwi. Kompyuta ikiona namba inafurahi, ukiomba wastani inakupa 2.4, na mwalo wa 2.4 hakuna. Kwa hiyo mtu aone kwa jicho kabla hajabonyeza kwamba hiki ni cha kupimwa, hiki ni cha ngazi (kama ndogo, kati, kubwa), hiki ni cha majina tu. Tumia alama zile zile ambazo SPSS inazitumia, rula kwa vya kupimwa, nguzo tatu zinazopanda kwa vya ngazi, viduara vitatu kwa vya majina, kwa sababu wengi waliopita chuo wameshazizoea. Usitegemee rangi peke yake, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kuna kompyuta za ofisini ambazo skrini yake ukikaa pembeni kidogo rangi zote zinakuwa moja. Umbo litofautiane.

Na aina ikiwa imekosewa (itakosewa tu, maana programu inakisia) mtu aweze kuibadilisha pale pale kwenye orodha kwa kubonyeza hiyo alama. Ukimpeleka kwenye menyu nyingine tatu ataacha.

Utafutaji. Kisanduku cha kutafutia kikae juu ya orodha muda wote, kisiwe kitu cha kufungua, na kitafute kwenye jina, kwenye lebo, na hapa ndo ninaposisitiza, kwenye majibu yaliyomo ndani ya kigeu. Karani akiandika "pweza" hakuna safu yenye jina hilo, pweza ni jibu mojawapo la "Aina ya samaki", ila yeye anachojua ni pweza. Orodha imletee "Aina ya samaki" na chini yake kwa maandishi madogo iandike "ina: pweza". Ongeza na maneno yanayoenda pamoja: mtu akiandika boti, au ngalawa, au dau, zote zimlete kwenye "Aina ya chombo". Haya mwandae kamusi ndogo kwenye faili la pembeni, mistari thelathini inatosha kuanzia, na kila mkisikia mtu katafuta neno hakupata mnaongeza.

Kwa wanaotumia R, lugha ya kuandikia programu za takwimu, na Shiny, pakiti yake ya kutengenezea madirisha, kuna varSelectInput ambayo ni rahisi lakini inaonesha majina ya safu tu, kwa hiyo mimi nachukua selectizeInput naipa orodha ambayo mbele kuna lebo na nyuma kuna jina la safu, na ukiipa orodha ndani ya orodha inakuwekea makundi yenyewe. Faili la SPSS ukilisoma kwa haven, pakiti ya R ya kusomea mafaili hayo, lebo zinakuja zimebandikwa kwenye kila safu, unazitoa tu. Ila mjue selectize kwa kawaida yake inaonesha vitu 1,000 na kinachozidi hukioni mpaka utafute, na haikwambii.

Elfu moja inaonekana nyingi mpaka ufungue faili la wanawake la TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya. Mle kuna vigeu kwa maelfu, v012 umri, v024 mkoa, v106 elimu, v190 hali ya utajiri wa kaya, na kuna vile vinavyojirudia kwa kila mtoto, b3_01, b3_02, mpaka b3_20. Ukivimwaga vyote kwenye orodha mtu anateremsha mpaka kidole kinauma. Vinavyojirudia vikunje viwe mstari mmoja, "Tarehe ya kuzaliwa mtoto, mara 20", mwenye kuvihitaji akibonyeza vinafunguka. Hili peke yake linapunguza orodha kiasi kwamba utafikiri umefungua faili jingine.

Tuje kwenye visanduku vya kupokelea. Ule mtindo wa orodha mbili na mshale katikati siuchukii, watu wanaujua, lakini una mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza, kigeu kikishahamia kulia kinapotea kushoto, na nimeshaona watu wakikitafuta kama kimefutika kwenye data. Kiache kushoto pale pale kilipokuwa, kififishe na ukiwekee tiki. La pili, kisanduku cha kulia kiwe na jina la kazi yake kwa maneno ya kawaida. Badala ya "kigeu tegemezi" peke yake, andika "Unataka kueleza nini?" na chini kidogo kigeu tegemezi. "Kwa kutumia nini?" vigeu huru. "Ligawanywe kwa?" kundi. Na uzani wa sampuli, ile namba inayoonesha kila aliyehojiwa anawakilisha watu kiasi gani, uwe na kisanduku chake mwenyewe, usichanganywe na vingine, kwa sababu kwenye TDHS kuna v005 ambayo inabidi igawanywe kwa 1,000,000 kabla ya kutumika, na nimeona mtu kaiweka kwenye vigeu huru kwa kuwa jina linasema uzani, akadhani ni uzito wa mama. Kikiwa na kisanduku chake programu inaweza kugawanya yenyewe na kumwambia imegawanya.

Mtu akijaribu kuweka kitu mahali pasipofaa usikifiche na usimkatalie kimya. Nilijaribu kuficha visivyofaa, watu wakawa wanapiga simu kuuliza mwalo umeenda wapi. Kiache kionekane kimefifia, akikigusa kiseme sababu kwa sentensi moja: "Mwalo ni majina, haupigiwi wastani. Unataka kuuweka kwenye Ligawanywe kwa?" na kitufe cha kufanya hivo kikae hapo hapo. Mara nyingi ndo alichokuwa anataka.

Kuhusu kubonyeza, hapa nina kisa kingine. Yule yule dada siku moja alikuwa anachagua vigeu kumi na vitatu kwenye programu fulani ambayo lazima ushikilie Ctrl kila unapobonyeza, anatumia kile kibao cha kugusa cha kompyuta, hana kipanya. Kafika cha kumi na mbili, kidole kikateleza kwenye Ctrl, akabonyeza, vyote kumi na moja vikaondoka kikabaki kimoja. Alikaa anaitazama skrini, hakusema kitu, akaanza tena. Ya pili ikatokea tena, akafunga kompyuta akaenda kununua mkate wa ajemi, na ile ripoti ikaandikwa kesho yake na vigeu vitano tu. Nikiwaona watu wanasema watumiaji ni wavivu namkumbuka yeye, kwa sababu vile vigeu nane vilivyoachwa havikuachwa kwa sababu za kitaalamu.

Kwa hiyo bonyezo moja liongeze, bonyezo la pili kwenye kitu kile kile liondoe, bila kushika kitufe chochote. Ukitumia listbox ya Tk, yani kisanduku cha orodha cha ile maktaba ya kutengenezea madirisha, weka selectmode iwe multiple badala ya extended. Na ukiwa na listbox mbili kwenye dirisha moja weka exportselection iwe 0, la sivyo ukichagua kwenye ya pili ya kwanza inajifuta, hii ilinila siku mbili nikidhani kosa liko kwenye msimbo wangu mwingine. Kuburuta ruhusu, ni kuzuri kwa kupanga mpangilio, kwenye Shiny kuna pakiti ya sortable, lakini kusiwe ndo njia pekee, kwa kibao cha kugusa kuburuta kigeu kutoka kushoto mpaka kulia ni mateso, na kwenye kishikwambi kidole kinaburuta ukurasa mzima. Bonyezo, kuburuta, na kibodi, zote tatu zifanye kazi. Mstari wa kubonyeza uwe na kimo cha kutosha, miongozo ya WCAG 2.2, ile ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, inataka angalau pikseli 24 kwa 24, mimi naenda zaidi ya hapo, 36 hivi. Paul Fitts alishaonesha mwaka 1954 kwamba kitu kidogo kilicho mbali kinachukua muda mrefu kukifikia, na wewe unamuomba mtu akifikie mara kumi na tatu.

Kitufe cha kurudisha nyuma kiwepo. Kirudishe hatua moja moja, siyo "futa vyote".

Mpangilio ndani ya kisanduku cha kulia nao uheshimu. Kwenye rigresheni ya kawaida kubadilisha mpangilio hakubadilishi makadirio ya vigeu, lakini ukipiga anova, hesabu ya kuona kila kigeu kinaeleza kiasi gani, kwenye R kwa modeli yenye vigeu viwili au zaidi ile ya kawaida yake inahesabu kwa kufuatana, aliyetangulia anachukua kwanza, kwa hiyo ngalawa ikitangulia msimu au msimu ukitangulia ngalawa unaweza kupata namba tofauti. Dirisha likijipangia lenyewe kwa alfabeti bila kusema, umembadilishia mtu majibu.

Chini kabisa ya dirisha weka sentensi inayoandikwa yenyewe kadri mtu anavyochagua, kwa Kiswahili: "Mzigo wote wa chombo, kilo, ukielezwa kwa aina ya chombo na msimu, mistari itakayotumika 812 kati ya 1,040", namba hizo ni mfano tu. Chini yake amri yenyewe, lm(uz_tot ~ chombo + msimu), ya kunakili. SPSS ina kitufe cha Paste kwa kazi hiyo na R Commander, ile R ya kubonyeza madirisha, inaandika amri kwenye dirisha lake la juu, ni jambo jema sana waige wote, mtu anajifunza amri bila kuambiwa anafundishwa. Lakini ile sentensi ya Kiswahili ndo inayokamata makosa. Tangu tuiweke, yule dada anaisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza Endesha, na mara mbili nimemsikia akisema "hapana, siyo sampuli, mzigo wote."

Uchaguzi ujihifadhi wenyewe kila unapobadilika, kwa sababu umeme ukikatika na betri ya kompyuta imechoka hakuna atakayekumbuka vigeu kumi na vitatu. Na mtu aweze kuupa jina, "ripoti ya mwezi", mwezi ujao aufungue. Faili jipya likikosa kigeu kimojawapo usikiruke kimya, kitaje.

Kujaribu fanya hivi. Chukua watu watatu, wanne, wasiohusika na kutengeneza. Mpe mmoja swali moja la kweli kwenye karatasi, "nitafutie wastani wa uzito wa pweza mmoja mmoja, Kigombe, wakati wa bamvua", kaa nyuma yake kidogo, nyamaza. Akikuuliza "niguse wapi?" mjibu "we ungegusa wapi?" na uandike alikogusa. Usimwoneshe. Ni kugumu kunyamaza, mkono unawasha, lakini pale alipositasita ndo pa kurekebisha. Mimi nahesabu vitu viwili tu, ameteremsha orodha mara ngapi na amechagua kitu akakiondoa mara ngapi. Ya kwanza ikiwa kubwa makundi na utafutaji wangu ni mbovu, ya pili ikiwa kubwa lebo ndo mbovu. Jumanne iliyopita kijana mmoja wa Sahare alichagua "Uzito wa samaki mmoja, gramu" moja kwa moja, akaenda kutafuta bamvua, akaandika "bamvua kubwa", hakupata kitu. Nimeiongeza kwenye kamusi jioni ile ile.